Usilichome Kabati Hilo

Pemba hakuna mtu anayetupa makonyo, vile vijiti vya karafuu. Msimu wa karafuu ukifika, nyumba nzima hukaa barazani usiku, wazee kwa watoto, ikichambua: karafuu upande huu, makonyo upande ule. Karafuu huanikwa juu ya majamvi. Makonyo nayo huanikwa, hutiwa kwenye magunia yake na hupelekwa kuuzwa. Pale Wawi, karibu na mji wa Chake Chake, kiwanda cha Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, huyapitisha makonyo hayo kwenye mvuke na kuyatoa mafuta yanayokwenda kuuzwa nchi za nje. Kijiti kile kikavu, ambacho mgeni angekifagia na kukimwaga jaani, kimesomesha watoto wa watu hapa kisiwani.

Ndugu zangu, nataka tuzungumze juu ya mabaki mengine ambayo bado hatujayapa heshima ya makonyo. Nayo ni fanicha zetu. Kitanda kilichovunjika tendegu, kabati lililong'oka bawaba, meza iliyolegea miguu, kochi lililochanika kitambaa, kiti cha plastiki kilichopasuka mgongo. Kitu kikishaharibika tunakivuta uani tukisema tutakitafutia fundi. Mvua za masika zinakikuta pale pale. Msimu mmoja unatosha: mbao zinavimba, mchwa wanaingia kwa chini, na kilichobaki kinakwenda jikoni kuwa kuni au kinatiwa kwenye moto wa takataka. Kiti cha plastiki kinachomwa pamoja na majani ya mwembe, na moshi wake mzito tunauvuta sisi na watoto wetu.

Tembelea skuli iliyo karibu nawe, usiishie ofisini kwa mwalimu mkuu, zunguka nyuma ya madarasa. Mara nyingi utakuta rundo la madawati yaliyopandishwa moja juu ya jingine, majani yameota katikati yake. Lichukue dawati moja ulitazame. Fremu yake ni ya chuma, na sehemu kubwa ya chuma hicho ni kizima. Kutu imekula pale chini tu, miguu inapokanyaga sakafu inayooshwa kwa maji kila siku. Kilichokufa ni ubao wa kukalia. Bolti zililegea, hakuna aliyezikaza, matundu yakapanuka kwa kutikiswa na watoto wanaosukumana, kisha ubao ukapasuka kwa urefu wake. Basi. Dawati zima limehukumiwa kwa kosa la bolti.

Kulirudisha darasani kunahitaji brashi ya waya ya kukwangua kutu, kuchomelea mguu uliolika, mkono mmoja wa rangi ya kuzuia kutu, mbao mbili zilizopigwa randa, na bolti mpya zenye washa pana ili zisizame tena kwenye mbao. Fundi mmoja na kijana wa kumshikia wanaweza kutengeneza madawati kadhaa kwa siku wakijipanga vizuri. Wakati huo huo, upande wa pili wa ukuta, watoto wamebanana kwenye madawati yaliyosalia, na wengine wako sakafuni, daftari juu ya magoti. Uhaba wa vikalio ni neno tulilolizoea mno Zanzibar. Bara nako, mwaka 2016, Rais John Magufuli alitaka ifikapo tarehe 30 Juni asiwepo mwanafunzi anayekaa chini, na nchi nzima ikahangaika kutafuta madawati. Juhudi za namna hiyo ni njema, na Mungu awalipe waliochangia. Lakini hali iko hivi: dawati jipya hupokewa kwa picha na hotuba, na la zamani lenye fremu nzima hubaki kwenye majani.

Haja yetu inazidi kukua. Sensa ya 2012 iliikuta Pemba na watu 406,848. Sensa ya 2022 ikatukuta 543,441. Katika miaka kumi tumeongezeka zaidi ya watu laki moja na thelathini na sita elfu, na kila mmoja wao anataka pa kulala, pa kukaa, na pa kuwekea nguo zake. Vijana wanaoa na kuolewa. Hapa kwetu bwana harusi anajua vizuri kwamba atadaiwa kitanda, godoro, kabati, na meza ya kujipambia ya bibi harusi, na wapo wanaoahirisha harusi msimu hadi msimu kwa sababu ya vitu hivyo tu.

Na mbao ziko wapi? Msitu wa Ngezi, kule Makangale, ni mabaki ya msitu mkubwa uliowahi kufunika sehemu ya kaskazini ya kisiwa. Mivule iliyomo humo inalindwa, na ni haki ilindwe. Zanzibar ina sheria yake ya misitu, Namba 10 ya mwaka 1996. Mikoko yetu nayo imechoka. Kwa hivyo mbao nyingi tunazotumia zinatoka Bara. Paini inapandwa Mufindi, inakatwa, inapasuliwa, inapanda lori mpaka pwani, inavuka bahari, inashushwa bandarini, halafu inapakiwa tena kwenye gari kwenda Konde au Kengeja. Kila inapohama mkono inapanda bei. Taasisi ya Community Forests Pemba imekuwa ikipanda miti pamoja na wanavijiji kwa miaka mingi, na kazi hiyo naiheshimu sana. Lakini msaji unaopandwa leo unataka miaka ishirini na zaidi kabla ya kutoa mbao ya maana. Aliyeupanda huenda asiuone ukiwa kitanda.

Mbao bora kuliko zote tulizonazo kisiwani leo zimo ndani ya nyumba zetu. Zimo kwenye makabati ya msaji na meza za mvule walizotengenezewa babu zetu, kwenye masanduku ya mfenesi, kwenye vitanda vya samadari vilivyorithiwa na sasa vimelala chali nyuma ya mabanda ya kuku. Mbao ile imekwisha kukauka, haijipindi kirahisi, na mdudu amejaribu akashindwa. Tukishaitia jikoni hakuna wa kuturudishia.

Wajuzi wa biashara wameshaliona hilo. Jahazi likizeeka na kushindwa tena na bahari, mbao zake hazitupwi siku hizi. Lamu na Unguja kuna mafundi wanaozipasua na kuzigeuza meza, viti na fremu za vioo, tena matundu ya misumari na mabaki ya rangi ya zamani wanayaacha makusudi, kwa kuwa mnunuzi anayapenda. Mahoteli yananunua kwa bei ambayo sisi wenye majahazi tungeshangaa kuisikia. Nasi ni kisiwa cha wavuvi. Ukiitaja Kojani umetaja bahari. Mashua ngapi zimelala ufukweni zikioza kwa sababu hakuna pa kuzipeleka?

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Ufundi tunao, mbao tunazo, wahitaji tunao. Tunachokosa ni mahali. Hatuna nyumba moja inayojulikana kuwa kitu kibovu kinapelekwa pale, kinapokelewa, kinatengenezwa na kinauzwa kwa bei ambayo mtu wa kawaida anaimudu. Naomba tuijenge nyumba hiyo. Iwe karakana ya jamii, tuanze na moja Chake Chake, na ikisimama imara Wete, Mkoani na Micheweni zifuate. Isiwe mali ya mtu mmoja, isiwe ya chama cha siasa, na isiwe mradi wa mfadhili unaokufa siku gari lake linapoondoka. Iwe ushirika unaofanya biashara na kujilisha wenyewe, na faida yake irudi kwa watu.

Acheni niieleze kazi yake kama ninavyoiona, kwa sababu jambo hili likibaki maneno ya jumla halitafika popote.

Kitu kikiletwa, fundi mkuu anakikagua mlangoni. Kizima kinafutwa, kinapigwa msasa na vanishi, kinatiwa bei. Kibovu kinachotengenezeka kinaingia ndani. Kisichotengenezeka kinafumuliwa kwa utaratibu, si kwa shoka: bawaba zinawekwa kopo lake, vitasa kopo lake, vioo vinaegemezwa ukutani, mbao nzima zinapangwa kwa urefu, na misumari iliyonyooka inahifadhiwa. Bawaba ya shaba iliyotoka kwenye kabati la zamani ni bora kuliko bati linalouzwa dukani sasa, kwa sababu hewa yetu ya chumvi haiiwezi shaba kama inavyolila bati.

Na utengenezaji uwe wa kweli. Tuchukue kiti cha mbao kilicholegea, maana kila nyumba inacho. Wengi wetu tukikiona kinayumba tunapiga msumari kwenye kiungo. Msumari huo ndio unaokiua kiti. Unaupasua ulimi wa mbao ulioingia kwenye tundu, kiti kinakaa kimya mwezi mmoja, halafu kinavunjika mahali ambapo hapatengenezeki tena. Fundi anayejua kazi yake anakigonga taratibu kwa nyundo ya mbao mpaka viungo viachane. Anakwangua gundi kuukuu yote, kwa kuwa gundi mpya haishiki juu ya ile ya zamani. Ulimi ukiwa umepungua anauongezea ubapa mwembamba wa mbao. Anapaka gundi, anavirudisha viungo, kisha anakizungushia kiti kamba miguuni, anatia kijiti katikati ya kamba na kukinyonga mpaka viungo vibanwe sawasawa. Anakiacha hivyo hadi kesho. Kiti hicho kitakaliwa na mjukuu. Gharama yake ni gundi kidogo, kamba, na maarifa, na maarifa haya wanayo wazee wetu ambao siku hizi wanakaa barazani bila ya kuulizwa neno.

Kuna vitu havitengenezeki, na ni vyema tuambiane. Makabati mengi mapya ya kung'aa yametengenezwa kwa unga wa mbao uliobanwa kwa gundi. Kwenye unyevu wa kisiwa chetu, sehemu ya chini inakunywa maji, inavimba na kumegeka, na skrubu haishiki tena. Hayo karakana itayapokea kwa ajili ya vioo, reli za droo na vishikio vyake tu. Naomba pia anayejiandaa kununua afikirie mara mbili. Wazee walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, na wengi tumeuona ukweli wake kwenye kabati la miaka miwili.

Mafundi vijana tunao. Kituo cha Mafunzo ya Amali cha Vitongoji kinafundisha, na cha Daya Mtambwe kinafundisha. Tatizo linakuja siku ya kuhitimu. Kijana anatoka na cheti mkononi lakini hana randa, hana msumeno, hana meza ya kufanyia kazi, wala mteja anayemjua. Anarudi kijijini, anasubiri, mwishowe anapanda boti kwenda Unguja kutafuta kibarua cha kubeba zege. Karakana ingemweka karibu na mzee mwenye mikono ya dhahabu, akajifunza yale ambayo chuo hakina muda wa kuyafundisha, huku akilipwa.

Kazi hii isionekane kuwa ya wanaume peke yao. Wanawake wa Pemba ndio wanaofukia makumbi kwenye tope la pwani, wakayafukua baada ya miezi, wakayapiga na kuyasokota kamba. Ndio wanaosuka ukili. Kitanda cha kamba na kiti cha kusukwa hurudi uhai kwa mikono hiyo, na mto uliojazwa sufi au usumba hauna haja ya kusubiri sponji kutoka Dar es Salaam. Kushona vitambaa vya makochi peke yake ni ajira kamili. Nawataja pia wenzetu wenye ulemavu. Umoja wa Watu Wenye Ulemavu Zanzibar, UWZ, umekuwa ukipigania nafasi zao tangu 1985. Kule Arusha, karakana ya Shanga imewaajiri watu wenye ulemavu wanaoyeyusha chupa kuukuu na kuzigeuza vyombo na mapambo ambayo wageni wanayagombea. Kupiga msasa, kusuka, kupaka vanishi, kupanga bidhaa, kuweka hesabu: hakuna hata moja kati ya kazi hizo inayomkataa mtu kwa sababu ya mguu wake au sikio lake.

Wala hatutakuwa wa kwanza kujaribu. Boston, Marekani, mwaka 1902, mchungaji Edgar Helms alianza kukusanya nguo na vyombo vilivyochoka kutoka mitaa ya matajiri, akawaajiri maskini kuvitengeneza na kuviuza. Kazi hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa Goodwill. Karibu na Paris, mwaka 1949, lilianza vuguvugu la Emmaüs, la watu waliokuwa hawana makazi ambao waliamua kuishi kwa kuokota, kutengeneza na kuuza vitu vilivyotupwa na wengine. Jumuiya zake leo ziko nchi nyingi. Watu hao hawakuanza na mtaji mkubwa. Walianza na vilivyotupwa.

Hapa karibu zaidi, Lamu, fundi Ali Skanda na wenzake walijenga jahazi kwa plastiki iliyookotwa, wakalivika ndala za rangi zilizotupwa zipatazo 30,000. Likaitwa Flipflopi, likashushwa majini mwaka 2018, na mapema 2019 likasafiri kwa tanga hadi Zanzibar. Wengi walilifurahia kama maonyesho. Mimi linanigusa zaidi lile walilolifanya baadaye: waliendelea kukusanya plastiki na kuitengenezea mbao za plastiki na fanicha za mtindo wa pwani. Hapo ndipo penye jibu la viti vyetu vilivyopasuka mgongo. Unguja nako, Chako wanakusanya chupa za mahotelini na kutengeneza taa na glasi. Pemba ina kila sababu ya kuwa na cha kwake.

Najua maswali yatakayokuja, na yanastahili majibu.

La kwanza ni kunguni, na anayeuliza hilo ana haki. Kitanda chochote kinachoingia karakana kifumuliwe nje, kabla hakijavuka mlango. Viungo na nyufa zimwagiwe maji yanayochemka, kisha mbao zianikwe juani kabla ya kupigwa msasa. Godoro lililotumika lisiuzwe kabisa. Hiyo iwe sheria isiyo na msamaha, kwa sababu kitanda kimoja chenye wadudu kitaua jina la karakana nzima.

La pili ni aibu. Wapo watakaosema: nimpeleke mwanangu kwa mumewe na kitanda cha mtumba? Lakini kontena za vyombo vilivyotumika kutoka Dubai na Ulaya zinashushwa Unguja, tunazigombea, na tunavuka navyo bahari kwa furaha. Kitanda kile kililaliwa na mtu tusiyemjua wala nchi yake hatuijui. Hiki cha karakana kimetoka kwa jirani, mbao yake ni msaji, na fundi aliyekitengeneza unaweza kumfuata kikilegea. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Mafundi seremala nao watauliza kama tunawanyang'anya riziki. La. Wao ndio wawe wanachama wa mwanzo. Atakayenunua kabati lililotengenezwa upya, mara nyingi, ni yule ambaye hangeingia dukani kwao kununua jipya. Na kazi za matengenezo ambazo leo hazifanyiki kabisa, kwa kuwa mtu hajui pa kupeleka, zitakuwa mikononi mwao.

Swali la mwisho ndilo gumu, nalo ni la fedha. Vikundi vingi vimekufa hapa kwetu, na havikuuawa na ukosefu wa kazi. Viliuawa na mashaka juu ya nani kashika nini. Dawa yake tunayo tayari. Vikundi vya kuweka na kukopa vinatumia sanduku lenye kufuli tatu, funguo zikiwa kwa watu watatu, na sanduku halifunguliwi ila mbele ya wanachama wote. Wanawake wengi wasio na elimu ya hesabu ya darasani wamelinda fedha kwa njia hiyo. Karakana ifanye hivyo hivyo. Mapato ya wiki yaandikwe kwenye ubao unaoonekana na kila anayeingia, pamoja na ujira wa mafundi, bei ya gundi na nauli ya gari. Anayetaka kujua asihitaji kumuuliza mtu.

Na bei? Ipangwe kwa uaminifu. Bidhaa lazima ilipe ujira wa fundi, vifaa, usafiri na kodi ya mahali, na ibakize kidogo. Ikiwa chini ya hapo karakana itafungwa ndani ya mwaka, na hatutakuwa tumemsaidia yeyote. Mapato yasitegemee mauzo ya vitanda pekee. Matengenezo ya samani za ofisi yalipiwe, na madawati ya skuli yafanyiwe kwa mkataba. Kinachobaki baada ya hayo ndicho kiende kwa wajane, kwa nyumba zilizoungua, kwa mafukara wanaojulikana na shehia zao.

Sasa kila mmoja na nafasi yake.

Wewe mwenye nyumba, kitoe kilicho uani. Sisi ni watu wa sadaka, na tunajua thawabu ya kitu kinachoendelea kuwafaa watu baada ya sisi kuondoka. Meza yako ikisomewa na mtoto wa mwenzio kwa miaka kumi, hiyo ni miaka kumi ya thawabu. Wapo waliotoa nyumba na mashamba kuwa wakf. Wewe unaombwa kabati.

Walimu wakuu, hesabuni fremu zilizolala nyuma ya madarasa, si madawati yanayokosekana tu. Andikeni idadi, mpeni Afisa Elimu na kamati ya skuli. Na mteueni mwanafunzi wa kukaza bolti kila mwisho wa mwezi. Spana moja inaokoa madawati mengi.

Mabaraza ya Miji ya Chake Chake, Wete na Mkoani, na wenzetu wa Micheweni: tunaomba banda. Halihitaji kuwa jipya. Lenye paa lisilovuja, sakafu ngumu na umeme linatosha kuanzia. Kila kabati linaloingia humo ni mzigo uliopungua kwenye gari lenu la taka. Na afisi za Serikali zinapoondoa samani chakavu kwa utaratibu wa kisheria, ushirika huu upewe taarifa mapema ili nao uweze kushiriki.

Wenye mahoteli, kule Makangale na kwengineko, mnapobadilisha vitanda na viti vya wageni msivichome wala msiviache vikaoza. Tupigieni. Na mnaponunua, njooni muone kazi ya mbao za mashua kabla hamjaagiza mbali.

Ndugu zetu mlioko Muscat, Dubai, London na Toronto, tunajua mnavyotuma. Safari hii tunaomba msitutumie makochi. Tumeni zana: randa nzuri, seti za patasi, vibano, mashine ya msasa, keekee ya umeme. Zana moja nzuri inatengeneza makochi mengi kuliko yanavyoweza kuingia kwenye kontena.

Masheha, ninyi ndio mnaojua nani kafunga banda la useremala kwa kukosa mtaji, nani ana mtoto aliyehitimu Vitongoji na yuko nyumbani, nani analala chini. Wakutanisheni. Watu wachache wenye nia wanatosha kuanza ushirika, na Wakala wa Uwezeshaji Wananchi Kiuchumi, ZEEA, upo kwa ajili ya vikundi kama hivyo pale mtaji utakapohitajika. Lakini msisubiri mkopo ndipo muanze. Anzeni na kiti kimoja kilicholegea, gundi na kamba.

Nawe unayesoma, zunguka nyumba yako leo. Chochote cha mbao kilicho nje kiingize chini ya paa kabla ya masika, kisha mwambie sheha wako unacho na uko tayari kukitoa. Ukiwa fundi, mwambie siku gani ya wiki unaweza kuitoa. Atakapopata majina kumi, ameshapata karakana.